Unga Uliorudi Mikono Mitupu

Mashine haina adabu. Binadamu akiwa na habari mbaya atakohoa kwanza, atakuita pembeni, atakuuliza watoto hawajambo. Mashine inakuchapia aibu yako mbele za wageni. Jumanne ile asubuhi ilichapa mstari uliolala chali toka mwanzo wa karatasi mpaka mwisho, bila kilele hata kimoja, na Bi Matone akabaki ameishika karatasi huku masikio yanawaka moto.

Mgeni mwenyewe alikuwa mmoja, lakini alitosha. Alikuwa Wakala, mwuzaji wa vifaa vya maabara, mwenye suti ya kijivu na tabasamu ambalo halikuzimwa tangu aingie. Alikuwa anakunywa chai. Chai hiyo aliipika Bi Matone.

"Hakuna kitu," Wakala alisema, akiinamia karatasi. "Yaani si kidogo, Daktari. Hakuna kabisa."

Daktari, mkuu wa maabara, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani. "Bi Matone, huo unga wako umeshika nini?"

"Haujashika kitu, Daktari."

"Na wiki iliyopita uliniambia unashika."

"Wiki iliyopita ulishika."

"Unga unaoshika kwa siku zake huo," Wakala alisema, akacheka peke yake.

Tuseme mapema unga wenyewe ni upi, maana watu wakisikia unga mweupe wanawaza mengine. Maabara ile ilichunguza protini katika damu za wagonjwa. Protini inakatwakatwa vipande, maelfu kwa maelfu, na katika maelfu hayo ni vipande vichache tu vilivyobeba fosfati. Hivyo vichache ndivyo vyenye habari: fosfati ikikaa mahali pake, jambo fulani ndani ya mwili limewashwa, ikitoka, limezimwa. Sasa ukivipeleka vyote kwenye mashine, vilivyo vingi vinapiga kelele na vichache havisikiki. Lazima uvikamate kwanza. Unaoijua kazi hiyo ni unga wa titani. Ukiwa kwenye asidi unashika vipande vyenye fosfati, unawafukuza wadoezi waliojipenyeza bila kualikwa, kisha ukiutia amonia unaachia ulichoshika.

Unga ulio tayari ulitoka ng'ambo, katika kichupa cha ukubwa wa kidole gumba, kwa bei ambayo Daktari akiitaja alishusha sauti. Bi Matone alitengeneza wa kwake. Aliuomba kwa mchanganya rangi za ukuta, maana ndio unaozipa rangi weupe, kabla haujatiwa kitu kingine, akauchekecha, akauosha kwa asidi, akauchoma kwenye tanuri la maabara. Akaujaribu kwa protini ya maziwa, ambayo imejaa fosfati tele, na ukashika vizuri sana. Walimwita Bi Matone kwa sababu alipotia dawa alihesabu matone kwa midomo. Lakini kwenye karatasi za ajira kazi yake ilikuwa mwosha chupa, na imebaki mwosha chupa kwa miaka saba, maana kubadilisha jina kungetaka kubadilisha na mshahara.

"Vifaa vyetu vinakuja kamili," Wakala aliendelea. "Unamimina, unatikisa, basi. Hata mtu wa kuchanganya humhitaji."

Daktari alimtazama Bi Matone, kisha akautazama ukuta. "Ijumaa saa nne. Unga wake na unga wako, maziwa yaleyale, mashine ileile. Utakaoshinda ndio tutakaoutumia. Bi Matone, mkataba wako unakwisha mwezi huu, sivyo?"

"Unakwisha, Daktari."

"Basi Ijumaa itatujibu sote."

"Samahani, dada," Wakala alisema, akinyoosha kikombe, "kuna sukari?"

Bi Matone akaenda kuleta sukari. Ilimuuma kuliko mstari uliolala.

*

Nyumbani alimkuta mumewe uani kati ya ndoo nne, suruali imekunjwa mpaka magotini, anakoroga. Kiwanda alichokuwa anafanyia kazi kilifungwa, akaamua kujitengenezea sabuni ya maji, na mtaa mzima ukamwita Mzee Povu. Jina lilimkaa, na yeye akalipenda. Mama yake alikuwa kwenye kigoda mlangoni anachambua maharage, kazi ambayo haikumzuia kusikia lolote.

"Leo umerudi na uso wa mkia wa mbuzi," mama mkwe alisema.

"Mama, nimechoka tu."

"Uchovu naujua. Huo si uchovu."

Bi Matone akakaa kizingitini, akawaeleza: unga, mstari, Wakala, Ijumaa, mkataba. Alieleza kwa kifupi, maana akirefusha angelia. Mumewe aliacha kukoroga. Sabuni bado haijaanza kulisha mtu; kodi, umeme na dawa za presha za mama vilitoka kwenye maabara ile.

"Na mimi nilidhani mambo yatakunyookea wiki hii," mume alisema kwa huzuni ya kweli. "Nikakusaidia na kazi."

"Kazi gani?"

"Zile chupa zako."

Lazima ieleweke kwamba bomba la maabara lilikauka tangu Alhamisi, na Bi Matone akabeba chupa kumi na mbili nyumbani kwenye kikapu. Jumapili alizisuuza kwa asidi, kisha kwa maji safi, akazipanga kifudifudi juu ya kitambaa. Jumatatu alfajiri akazibeba kama zilivyo.

"Zile chupa zilikuwa safi," alisema polepole.

"Safi wapi, mke wangu? Hazikuwa na hata harufu ya sabuni. Jumapili ulipokwenda dukani nikazichukua, nikazisugua moja moja. Nilitumia ile ya daraja la kwanza, siyo ya kuuza. Zilikuwa zinalia kwii, kwii."

Bi Matone aliinua kichwa. "Ndani ya hiyo sabuni unatia nini?"

"Aa. Hiyo ni siri ya biashara."

"Baba, unatia nini?"

"Hata washindani wangu wameuliza."

"Anatia chumvi ya povu," mama mkwe alisema, bila kuinua macho kwenye maharage. "Gunia liko chini ya kitanda changu. Nalilalia kila siku, siri gani."

Bi Matone aliingia ndani, akapiga magoti, akalivuta gunia. Maandishi yalikuwa madogo lakini hayakuwa na aibu: fosfati ya sodiamu. Akabaki amepiga magoti pale sakafuni. Unga wake haukurudi mikono mitupu. Ulirudi mikono imejaa, imejaa fosfati ya sabuni, na vipande vya maziwa vilipofika vikakuta kila kiti kimekaliwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe.

Alitoka nalo mpaka uani. "Umeniua," alimwambia mumewe. Hakupaza sauti. "Miaka saba hakuna aliyewahi kuniharibia kazi. Umekuja kuniharibia wewe."

"Kwa kuosha chupa?"

"Kwa kuosha chupa."

"Lakini kazi yako si kuosha chupa?" Mume aliuliza hivyo bila hila, mikono inadondosha povu. "Nilisema nikikuoshea mimi, wewe utapumzika. Nimekosea nini?"

Bi Matone mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo siku aliyoajiriwa. Karatasi ilisema mwosha chupa, na kujiita zaidi ya karatasi aliona ni kujikweza. Alikasirika sana, na hasira haikujua iende kwa nani, ikaenda kwa ndoo. Akaipiga teke. Sabuni ya daraja la kwanza ikatambaa uani kote, na kwa kweli povu lake lilikuwa zuri.

*

Jumatano Bi Matone aliwahi kazini. Maji ya maabara yalirudi. Alizilowesha chupa kwenye asidi, akazisuuza mara tano, akihesabu kila mara kwa midomo. Unga nao aliuosha kwa amonia ili uachie sabuni yote iliyoshikwa, kisha kwa maji, kisha akaurudisha kwenye asidi. Alhamisi mchana akautilia protini ya maziwa kidogo, akaenda kwenye mashine. Vilele vikasimama kwenye karatasi, kumi na sita. Akaikunja karatasi ile mara nne, akaitia kifuani, akarudi kuosha vikombe vya chai. Hakumwambia Daktari. Daktari alisema Ijumaa, na Daktari akishasema Ijumaa, Alhamisi haipo.

Nyumbani alimjibu mumewe kwa ndiyo na hapana. Mume hakulala usingizi. Alhamisi jioni mama yake alimwambia, "Kama umekosa, nenda kwa huyo mkubwa wake ukaseme ni wewe. Mwanamume anakwenda kwa miguu yake."

"Nitaenda, mama."

"Na usiende hivyohivyo. Mkono mtupu haulambwi."

Mama mkwe alikula chumvi nyingi na ushauri wake ulikuwa mzuri kwa karibu kila jambo duniani. Ila hili tu.

*

Ijumaa saa tatu na nusu Wakala alifungua mkoba wake juu ya meza, na tabasamu likazimika kwa mara ya kwanza. Kopo la juisi lilimpasukia ndani ya mkoba. Unga wake ulikuwa salama kwenye kichupa, umefungwa, lakini chupa ya kuchanganyia ilikuwa inanata ndani na nje.

Wakati huohuo mlango ukagongwa. Akaingia Mzee Povu, shati limepigwa pasi, mkono wa kulia umebeba dumu la lita tano.

Bi Matone akamkabili mlangoni. "Umefuata nini huku?"

"Shikamoo, Daktari," mume alisema, akampita. "Mimi ni mume wa huyu. Nimekuja kuomba radhi. Zile chupa ni mimi niliyeziosha, yeye hana kosa. Na hii ni sabuni, nimeitengeneza mwenyewe, zawadi kwa ofisi."

Daktari hakuelewa habari ya chupa, wala hakutaka kuielewa. Alielewa zawadi. "Bure?"

"Bure kabisa."

"Karibu sana. Kaa pale. Wakala, bahati yako, oshea hiyo chupa sabuni hii."

"Daktari, asiitumie," Bi Matone alisema. "Ina fosfati. Itaujaza unga wake, hautashika kitu."

Wakala alikuwa ameshafungua dumu, ananusa. "Inanukia vizuri."

"Kaka, nakuambia kwa wema. Suuza kwa maji matupu, mimi nina asidi hapa, nitakuwekea."

"Dada, vifaa vyetu vimepimwa ng'ambo. Haviogopi sabuni ya uani."

"Bi Matone," Daktari alisema, "yule ana shahada mbili. Utamfundisha kuosha chupa?"

Alisema mara ya tatu, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyegeuka. Basi akanyamaza. Na tusidanganyane, alinyamaza kwa raha kidogo. Alikunja mikono akamtazama mtu mwenye shahada mbili akisugua chupa kwa sabuni ya daraja la kwanza, akiisuuza harakaharaka, akiiinua kwenye mwanga. Kwii, chupa ililia. Kwenye kona, Mzee Povu akatabasamu kwa fahari, kisha akamwona mkewe, akaacha.

Saa nne wakaanza. Wa Bi Matone uliingia kwanza. Vilele vikasimama, kumi na saba safari hii. Daktari akasogea, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Ukaingia wa Wakala. Mstari ukalala. Wakangoja. Mstari ukaendelea kulala.

Wakala alitoa leso. "Haiwezekani."

"Si kidogo," Bi Matone alisema. "Hakuna kabisa." Alijua si vizuri, lakini alikuwa ameibeba sentensi ile tangu Jumanne na ilikuwa nzito.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Wakala alilitazama dumu, akamtazama mume, akamtazama mke. "Daktari, hawa wamepanga. Mume analeta sabuni dakika ileile, mke anajua ina nini. Hii ni hujuma. Nitaandika kwa kampuni, na nitaitaja maabara hii."

Daktari akageuka taratibu. "Bi Matone. Mmepanga?"

"Nimemwambia mara tatu asiitumie. Ulisikia."

"Nilichosikia ni kwamba ulijua." Alikuwa amesimama wima, na sauti ilikuwa ile anayotumia kufukuzia watu. "Mkataba siusaini kwa mtu anayehujumu wageni."

Mzee Povu aliinuka. "Daktari, mimi hata sijui hiyo fosfati ni kitu gani. Nilikuja kuomba radhi."

"Wewe kaa."

Akakaa. Bi Matone alimwona mumewe akikaa kwa kuambiwa, mbele yake, magoti pamoja, mikono mapajani, na huruma ikamjia iliyofuta hasira yote ya wiki nzima. Akaigeukia chupa ya Wakala ya kuchanganyia, yenye unga.

"Unga ungekuwa umeharibika, ningekuwa nimehujumu," alisema. "Haujaharibika. Umejaa tu. Nipeni nusu saa niwarudishie."

"Usiguse," Wakala alisema.

"Basi andikia kampuni yako kwamba unga wao uliuawa na sabuni. Watauliza nani aliosha chupa."

Wakala akaisukuma chupa ile juu ya meza.

Bi Matone akaketi. Mumewe, ambaye kwa miaka saba aliagana naye kila asubuhi mlangoni, hakuwahi kumwona akifanya kazi. Sasa alimwona. Alimwona akiumimina unga, akiutia amonia kwa matone, midomo inahesabu. Akiuzungusha, akiuacha ukae chini, akimwaga maji ya juu, akirudia. Akiweka asidi, akiweka maziwa, akiwafukuza wadoezi. Akisimama mwenyewe kwenye mashine kubwa kuliko kabati la nguo na kuibonyeza vitufe bila kumwuliza mtu. Daktari hakusaidia. Ilidhihirika pole kwa pole, hata kwa mtengeneza sabuni, kwamba Daktari hajui kitufe cha kuanzia.

Karatasi ikatoka. Vilele kumi na saba. Bi Matone akaiweka ya Wakala juu ya yake, akaziinua mbele ya dirisha. Zilifanana.

"Unga wako ni mzuri," alimwambia Wakala. "Na wangu ni mzuri. Tofauti iliyobaki ni ile ambayo Daktari akiitaja anashusha sauti."

Wakala alikunja leso. Daktari akaingia ofisini kwake, akatoka na karatasi na kalamu, akaiweka mezani kwa namna ya mtu anayetoa sadaka. "Haya. Miezi kumi na miwili. Saini hapo chini."

Bi Matone akaisoma tangu juu. Alipofika kwenye jina la kazi akaiweka chini kalamu.

"Hapa pameandikwa mwosha chupa."

"Ni utaratibu tu."

"Chupa leo kaosha mwenye shahada mbili, na umeona."

"Mke wangu," Mzee Povu alinong'ona, "saini. Mengine yatafuata."

"Miaka saba hayajafuata." Aliogopa. Kodi ilikuwa pale mezani, na dawa za mama mkwe, na alijua wazi kwamba Daktari anaweza kuirudisha karatasi ile mfukoni. Lakini hakuishika kalamu.

Aliyejitokeza alikuwa Wakala. "Dada," alisema, na safari hii hakutabasamu, "wateja wangu watatu wananilalamikia kwamba unga unawafia. Mtu wa kuufufua simjui mwingine. Kama hapa hapana nafasi ya fundi, mimi ninayo."

Daktari akaivuta karatasi. Akalifuta jina la zamani kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: Fundi Mkuu wa Maabara. Akatia saini pembeni.

"Na mshahara wa fundi mkuu," Bi Matone alisema, "una mstari wake hapo chini."

Daktari akaandika na huo, shingo upande.

*

Walipokuwa wakirudi, Mzee Povu akasimama katikati ya njia.

"Miaka saba nimewaambia watu mke wangu anaosha chupa."

"Uliwaambia nilichokuambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona nitaonekana najisifu." Kisha akasema lililokuwa kweli zaidi. "Na wewe kazi yako ilikuwa imekwisha. Sikutaka kukuzidi."

Mume alitembea hatua chache, akasimama tena. "Sasa nieleze. Taratibu. Yale maziwa yanaingia wapi?"

Alimweleza njia nzima. Mume alimkatiza kila hatua mbili, akauliza fosfati ni mdudu au ni dawa, akauliza titani anatokea wapi. Walipofika, mama mkwe alikuwa mlangoni na jirani mmoja aliyefuata sabuni.

"Vipi?" mama aliuliza. "Amekupokea?"

Mzee Povu hakujibu la kupokewa. Alijipangusa mikono, akamgeukia jirani, kifua mbele.

"Unamwona mke wangu? Ni Fundi Mkuu. Anachukua damu ya mgonjwa, anaichanganya na maziwa, anaipaka rangi ya ukuta. Ile rangi inakwenda mpaka ndani ya mwili inamkamata fosfati, inamleta kwa mashine, mashine inamsomea mashtaka. Daktari mwenyewe hajui kuiwasha."

"Kumbe," jirani alisema.

"Halafu anammwagia amonia, anaungama."

Mama mkwe alimtazama mkwewe kuuliza kama ni kweli. Bi Matone alikuwa amesimama nyuma ya mumewe na karatasi mkononi. Mtu yule alikuwa amekosea kila kitu isipokuwa cheo na Daktari.

"Ndivyo ilivyo, mama," alisema.